Picha za Tumbaku Zenye Namba Yangu

Tabora, Jumamosi alasiri

Kalunde mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kusukwa kwa mama yako mdogo, na mama yako amekufuata na mfuko wa karanga za safari utadhani Dar es Salaam hawajui kukaanga. Nimebaki peke yangu na daftari hili. Nina kama saa tatu kabla hamjarudi, na kwa kuwa mimi ni mwoga nitaandika haraka haraka kabla sijajipa sababu ya kuacha. Utaisoma ukiwa kwenye basi kesho, umeshaipita Manyoni. Nimepanga hivyo makusudi, maana mbele yako mdomo wangu haufunguki.

Habari za kufunga mlango, za kutokula chipsi kila siku, za kutompa mtu usiyemjua simu yako akushikie, hizo mama yako ameshazimaliza, na nyingine amezirudia mara mbili. Mimi nina jambo moja tu. Nusu yake unaijua.

Tulipokuwa tunarudi kutoka soko la mwisho la msimu, tumekaa mbele kwenye lori, uliniuliza, "Baba, nisomee nini ambacho mashine haitakuja kuninyang'anya?" Nikakujibu kwa ukali, "Kwani mashine ndiyo iliyokuzaa?" Jibu la kipumbavu kabisa. Dereva mwenyewe aligeuka kunitazama. Tangu siku hiyo tunaishi humu ndani kama wapangaji wawili. Shikamoo, marahaba, basi. Mama yako anadhani nimenuna kwa sababu unaondoka, nami nimemwacha adhani hivyo.

Sikukasirikia swali, mayu, mama yangu. Swali lako lilinikuta nina kosa ambalo sijalisema, na mtu wa namna hiyo hata ukimwuliza saa ngapi anaweza kukufokea.

Ngoja nianze mbali kidogo, kwa sababu kazi yangu umeiona msimu mmoja tu, tena ukiwa umeshika simu ya kampuni. Mimi ni mteuzi wa tumbaku, klasifaya kama wakulima wanavyotuita. Mkulima anahangaika mwaka mzima, anakausha majani kwenye bani la moto, nyumba nzima inakaa chini kuyachambua, wanayafunga marobota, wanayafikisha kwenye ghala la chama cha ushirika. Siku ya soko ndipo ninapopita mimi. Robota linafunguliwa, naingiza mkono hadi katikati, nachomoa jani, naliangalia, nalikunja, nalisikiliza kama limekauka kupita kiasi, nalinusa, kisha naandika gredi kwenye tiketi na chini yake namba yangu. Dakika moja haifiki. Mkulima anakuwa amesimama hapo pembeni, hapumui, na gredi ile ndiyo itakayoamua watoto wake watakula nini hadi mvua nyingine.

Aliyenifundisha alikuwa mzee mmoja mkali wa Sikonge. Wiki nzima alinifunga kitambaa machoni, akawa ananiwekea majani mapajani niyapange kwa vidole. Nikikosea ananichapa mkononi kwa kikonyo cha jani. Alisema jua la saa nne na jua la saa tisa hayaipi tumbaku rangi moja, kwa hiyo mteuzi anayetegemea macho peke yake atamwonea mtu wa asubuhi au mtu wa jioni. Nilimchukia mzee yule wiki nzima. Baadaye nikawa najisifu kwa wenzangu kwamba naweza kuteua nikiwa nimesinzia.

Kisha mwaka huu akaja yule kijana wa kampuni na simu zake na kile kisanduku cha taa, wakakuchukua wewe kibarua kwa kuwa umemaliza kidato cha sita na una utulivu wa mkono. Mimi nateua, wewe unapiga picha ya robota pamoja na tiketi. Ulinieleza vizuri kuliko yeye. Ulisema, "Baba, mashine inaangalia picha na gredi uliyoandika, nyingi, nyingi sana, mpaka inajua wewe ungesemaje." Lo! Nilivimba kichwa. Nilijiona nitastaafu huku macho yangu yakibaki kazini. Nilimwambia hata mchungaji.

Unakumbuka siku walipotushindanisha? Eti mchezo tu. Marobota kumi, gredi zake zimeshaamuliwa na wateuzi wa nje. Ile simu ikakosa moja, mimi nikakosa mawili. Watu wakacheka kwa adabu, kile kicheko cha watu wanaokuheshimu, na hakuna kinachouma kama hicho. Wewe ulinitetea, ukasema baba amechoka, ametoka soko la jana. Ni kweli nilikuwa nimechoka. Lakini robota la pili nililikosa nikiwa macho kabisa, na nilipolirudia nikaona simu ilikuwa sahihi.

Siku ile nilimwaza baba yangu. Wewe hukumkuta. Alikuwa mchochea makaa kwenye injini za moshi hapa stesheni ya Tabora, na alikuwa akijua kwa mlio tu kama moto unataka koleo moja au mawili. Zikaja injini za dizeli. Na yeye alikuwa akisimulia habari za babu yake aliyebeba mizigo ya watu begani kutoka hapa hadi pwani, miezi na miezi njiani, mpaka reli ikafika na mizigo ikapanda behewa. Watu wanaosoma magazeti hupenda kusema kazi moja ikifa nyingine huzaliwa. Labda. Lakini nyumbani kwetu haikuzaliwa kitu. Baba alikaa kwenye kigoda miaka mingi, treni ikipiga honi anainua kichwa, anasema "mzembe huyo, amechelewa kufunga breki," halafu anarudi kutazama kuku. Nilikuwa namwonea aibu. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa na ujuzi mwilini usio na pa kwenda.

Kwa hiyo nilipokufokea, na hilo lilikuwemo. Lakini lililokuwa kubwa ni Ulyankulu.

Miaka mingi iliyopita, kwenye soko moja la upande ule, tulifungua robota tukakuta mawe katikati. Mkulima mmoja, mmoja tu, alitaka kuongeza uzito, na hata jina hatukulipata kwa kuwa tiketi ilikuwa imechanika. Tukarudi mjini tukisimulia. Ukawa utani wetu wateuzi: tumbaku ya kule ina mifupa. Wa kwanza anasema, wa pili anacheka, wa tatu anashusha gredi. Unajua wanavyosemwa watu wale. Wazazi wao walikuja wakimbizi kutoka Burundi, wao wamezaliwa hapa, wamesoma hapa, wana vitambulisho vya hapa, na bado mtu wa mjini anasema "wale." Mimi, Mmoravian mzima, mwimba besi wa kwaya, nilisema "wale." Robota likitoka upande huo nilikuwa nashusha gredi moja kabla halijafunguliwa. Mwanzoni nilijua ninachofanya. Baadaye hata kujua kukaisha, kalamu ikawa inaandika yenyewe huku nikiongea na mwenyekiti wa chama habari za mpira.

Msimu huu ulikuwepo. Mama Anastazia, yule mama mwembamba anayelima na binti zake wawili, alisimama kwenye marobota yake akaniambia, "Mteuzi, hujaingiza mkono."

Nikamtania, "Mama Anastazia, mkono huu unaona toka mbali."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alipiga magoti, akachomoa jani kutoka chini kabisa ya robota, akalikunjua kwenye viganja vyake akaliinua mbele ya uso wangu. Rangi ya chungwa, safi, zito, halina doa. Nililiona, Kalunde. Wewe pengine ulidhani sikuliona, na nimekuacha udhani hivyo kwa sababu kutokuona ni kosa dogo zaidi. Nililiona. Ila tiketi ilikuwa imeshaandikwa, lori linaunguruma nje, mwenyekiti anatazama saa, na mteuzi akifuta gredi yake mbele ya mkulima mmoja, ghala zima litamtaka afute. Nikasogea kwenye robota linalofuata, matusi yake yakinifuata mgongoni. Ukaniambia kwa sauti ndogo, "Baba, hukugusa." Nami nikakuambia, "Piga picha."

Ukapiga. Siku tatu nzima ulipiga picha marobota ya soko lile, na sidhani kama nilichovya mkono mara ishirini.

Sasa hebu fikiria, na wewe hili unalielewa kuliko mimi. Ile mashine imeonyeshwa jani zuri, ikaambiwa hili ni la chini. Imeonyeshwa lingine, ikaambiwa vilevile. Na uliniambia mwenyewe kwamba inasoma mpaka jina la chama kwenye tiketi. Itaelewa nini? Itaelewa kile nilichokielewa mimi, kwamba tumbaku ya kule ina mifupa. Msimu ujao itakuwa kwenye kila soko, kuanzia Usinge hadi Bukene, na haitasinzia, haitazeeka, haitakuwa na binti wa kuinong'oneza kwamba haijagusa. Mimi nilikuwa naharibu soko moja kwa siku.

Na hapa ndipo pananikaba. Kampuni imesema gredi zangu ndizo zimechaguliwa ziwe kipimo cha kufundishia. Kwa ajili hiyo wamenipa msimu mmoja zaidi, nitembee na mashine kama msimamizi wake. Wenzangu wote wameambiwa wapumzike. Mama yako ameshawatangazia akina mama wa kanisa. Wewe nawe wamekuita ofisini kwao Dar es Salaam kwa ajili ya picha zilezile, na Jumatatu kazi yako ya kwanza ni kuzipitia, zipi zibaki na zipi zitupwe. Baba na binti, riziki zetu zote mbili zimekaa juu ya namba yangu. Nimeligeuza jambo hili kichwani kila upande, na kila nikigeuza naona ninyamaze tu, nani atajua.

Wiki iliyopita niliwaambia naenda Urambo kuangalia mizinga ya nyuki. Nilidanganya. Nilichukua bodaboda hadi Ulyankulu, nikamkuta Mama Anastazia shambani anang'oa visiki vya tumbaku. Akanitazama toka miguuni hadi kichwani.

"Leo bila lori?" akasema.

"Nimekuja mwenyewe, mama. Nina maneno."

Nikamweleza yote, nimesimama juani kama mtoto aliyetumwa kumwita mwalimu. Hata lile la kwamba jani nililiona. Aling'oa visiki vitatu. Kisha akasema, "Nilijua." Akang'oa cha nne. "Na mwaka ujao inakuja hiyo mashine, siyo?"

"Ndiyo."

"Wewe nilikutukana siku ile. Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Iliuma?"

"Iliuma, mama."

"Haya. Mashine nitaitukana wapi?"

Nikasema nimekuja kumwomba msamaha. Akafuta mikono kwenye kitenge, akaniuliza kwa upole, na upole ule ulinitisha kuliko matusi, "Umekuja kuomba msamaha, au umekuja kuniambia utafanya nini?"

"Nitamwambia binti yangu," nikasema.

"Yule wa simu? Yule aliona. Mwambie kabla hajaondoka."

Hakunikaribisha kukaa. Hata maji hakunipa, na wewe umelelewa huku, unajua mgeni akinyimwa maji ni kitu gani. Nimerudi, nimekaa siku sita na wewe nyumba moja, umenipakulia chakula, umenipigia pasi shati, na kila nilipofungua mdomo nikauliza kama basi ni la saa kumi na mbili au saa kumi na moja.

Kuhusu swali lako, nimewasikiliza watu. Mjomba wako anasema soma uuguzi, mashine haiwezi kumgeuza mgonjwa kitandani. Mchungaji anasema ualimu. Fundi baiskeli hapa jirani anasema yeye hana wasiwasi kabisa, na huyo namwamini, hakuna mashine itakayovumilia baiskeli za mtaa huu. Nimegundua kila mtu anataja kazi yake au ya mkewe. Mimi yangu siwezi kuitaja.

Ila nimeiangalia vizuri wiki hii, na nimeona ilikuwa na sehemu mbili. Ya macho imekwenda, tusidanganyane. Mashine ilinishinda mchana kweupe na mwaka ujao itanishinda zaidi. Hata ya vidole, wakitaka watatengeneza vidole. Sehemu ya pili ilikuwa kusimama pale, mkulima akisema "hujagusa" nisikie, nirudi, niguse, nifute nilichoandika na aibu inipate mbele ya watu. Hiyo, mashine haikuninyang'anya. Niliitupa mwenyewe, miaka mingi kabla haijafika Tabora, na ndiyo maana imekuwa rahisi kwao kunibadilisha na simu. Siku zile tatu hakukuwa na tofauti kati yangu na kile ulichoshika mkononi, ila mimi nilikula posho ya chakula cha mchana.

Kwa hiyo sijui usomee nini. Nimekuwa baba wa kukuambia vaa hiki, acha kile, na kwenye hili kubwa sijui. Usomee uuguzi, usomee hizo hesabu za kompyuta ambazo yule kijana wa kampuni anasema una kichwa chake, sawa tu. Lakini ukiwekwa mahali ambapo mtu unayemwamulia mambo yake hana njia ya kukufikia akuambie umekosea, ogopa. Ogopa hata kama kiti kinazunguka na kuna kiyoyozi. Mimi sikuogopa, nilijiona nimefika.

Sasa la Jumatatu. Nilitaka nikuandikie orodha ya marobota ya Ulyankulu uyatoe hayo tu. Nimekaa na daftari langu la masoko tangu mtoke, na siwezi. Siwezi kukuambia yapi niligusa na yapi sikugusa. Hata ya kwetu, hata ya masoko ninayoyapenda, kuna alasiri nilikuwa nimechoka, kuna mkulima ni mwimbaji mwenzangu, kuna mwingine alinikosea kwenye harusi. Tiketi zote zina mwandiko uleule. Kwa hiyo zote zenye namba yangu zitoke. Zote, mayu. Wakatafute wateuzi wengine, wawape muda, waingize mikono, waanze upya.

Hutabeba hili peke yako. Nimeshaandika barua yangu kwa kampuni, nimetia sahihi, nimeeleza habari ya Ulyankulu na jina langu kamili. Kesho nikitoka kukusindikiza sirudi nyumbani, napitia kwa mlinzi wa ofisi yao ya hapa namwachia, kisha ndipo nimwambie mama yako. Huo msimu mmoja wataufuta, hilo najua. Na huenda wewe wakakurudisha. Hilo silijui, na ndilo lililonifanya ninyamaze siku sita. Ukirudishwa utanikuta hapa, na una haki ya kunisema utakavyo. Sitakufokea.

Wakikuuliza kwa nini unamwaga kazi ya msimu mzima, usinitetee kwamba nilikuwa nimechoka.

Kuna picha moja utaikuta katikati ya zile za Sikonge. Ulinipiga bila mimi kujua. Nimeingiza mkono kwenye robota hadi begani, nimefumba macho, uso umekunjamana kama wa mtu anayetafuta sarafu mtoni. Uliponionyesha nilicheka, nikakuambia hii ndiyo kazi yenyewe sasa. Tiketi yake inaonekana vizuri, na namba yangu. Gredi ile naiapia. Mikono yako itasita hapo, na ningekuwepo ningekuomba uiache.

Mashine haitajua tofauti ya hiyo na ile ya Mama Anastazia. Itoe na hiyo.

Baba yako